Picha za rangi za zamani: namna ya kuzitunza zisiendelee kuisha, kwa sisi wa Moshi na Arusha

Desemba iliyopita tulipanda Kibosho kama kila mwaka, nyumba imejaa watu, na usiku mmoja baada ya chakula shangazi akavuta lile sanduku la bati la chini ya kitanda akaanza kugawa picha mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu ya harusi ya wazazi wangu ya mwaka 1984 nikanyamaza. Gauni la mama nalijua, ni jeupe, mpaka leo lipo kabatini, lakini kwenye picha limekuwa la pinki, migomba ya nyuma imegeuka kahawia, na nyuso za watu wote nyekundu utadhani wamesimama mbele ya moto. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na bahasha ya studio imekunjwa mara mbili, ndani yake vipande vya mkanda vya rangi ya chungwa-kahawia, shangazi akaniuliza, "Hivi vinailoni si uchafu tu mwanangu, nivitupe?" Aisee nilividaka kwa mikono miwili. Zile ndo zilikuwa negativu zenyewe, na mpaka naandika hapa ndo zimetuokolea ile harusi.

Tangu siku hiyo nimeshinda na maboksi ya picha, ya kwetu na ya majirani wawili watatu walionisikia, na naandika hapa namna ninavyofanya, kwa mpangilio, ili na wewe uanze na vitu vilivyopo hapa hapa mjini.

KWANZA UJUE KINACHOIKULA

Picha ya babu ya nyeusi na nyeupe ya miaka ya 50 unaweza kuikuta bado kali kabisa, na ya kwako ya rangi ya mwaka 1978 imeisha, watu wanashangaa. Sababu ni kwamba ile ya babu imetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, yamekaa kwenye jelatini, ule utando mwembamba kama gundi juu ya karatasi. Ya rangi ikishasafishwa studio fedha yote inaondolewa na dawa, kinachobaki ni rangi tu, tabaka tatu zimelala juu ya mwenzake: samawati, magenta (nyekundu ya kuelekea zambarau) na njano. Hizo rangi ni kemikali zinazovunjika zenyewe polepole, hata ukizifungia gizani. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 60 na 70 hadi mwanzoni mwa 80 samawati ndo inatangulia kuondoka gizani, zinabaki mbili, ndo maana picha inakuwa nyekundu. Katikati ya miaka ya 80 watengenezaji waliboresha karatasi, kwa hiyo usishangae ukikuta picha ya kipaimara ya 1992 ipo nzuri kuliko ya ubatizo ya 1979 wakati zimekaa sanduku moja. Zinazoning'inia ukutani zenyewe zinaliwa na mwanga, na pale mara nyingi magenta ndo inayopungua, picha inapauka tu.

Rangi iliyoondoka kwenye karatasi hairudi. Hakuna dawa, hakuna fundi, asikudanganye mtu. Unachoweza ni kupunguza mwendo, na kinachoendesha huo mwendo zaidi ya kingine chochote ni joto. Wanaohifadhi picha kitaalamu wanajua kwamba kila ukishusha joto kwa digrii 5 au 6 hivi, umri wa rangi unakaribia kuongezeka mara mbili. Hebu fikiria sasa sanduku lililokaa darini chini ya bati Moshi mjini mwezi wa pili, nje tu joto limeshavuka 30, mle darini si ni oveni kabisa.

Adui wa pili ni unyevu. Jelatini ni chakula, inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa muda fangasi wanaanza kuota juu ya picha, na mende nao wanaikwangua usiku. Sisi wa huku tuna hali mbili tofauti na watu hawaziangalii: mjini chini ni joto na vumbi, huko juu Kibosho, Uru, Machame, Marangu ni baridi nzuri lakini masika ikiingia mwezi wa tatu mpaka wa tano nguo zenyewe hazikauki. Arusha wana nafuu ya joto kwa sababu wapo juu zaidi, lakini kwenye masika na wao hawana ujanja. Kwa hiyo usiseme tu "kijijini kuna baridi ngoja nizipeleke kwa bibi", utazikuta zimegandana kama chapati.

HATUA YA KWANZA: ZIHAMISHE LEO

Kabla hujanunua chochote, toa picha mahali zilipo kama ni darini, sakafuni, stoo ya jikoni au kabati lililoegemea ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Kwenye sakafu mchwa watakuja, wote tunajua mchwa wa huku, sanduku la mbao wanaingia kwa chini wanakula kila kitu na wewe kwa juu unaona lipo zima. Ziweke chumba cha kulala, kabati la ukuta wa ndani, rafu ya katikati, mbali na jiko la mkaa na moshi wake. Hiyo tu umeshaziongezea miaka bila kutoa hata shilingi.

Na zile naftalini za kufukuza mende tafadhali usiweke humo, mvuke wake unashambulia plastiki. Wala mchele kama kikausha unyevu, unaita fukusi na panya.

HATUA YA PILI: MEZA, MIKONO, NA MAKUNDI

Tafuta meza kubwa, futa, tandika shuka jeupe safi. Nawa mikono, kausha kabisa, usipake mafuta wala losheni, na kama unashika negativu vaa glavu za pamba au zile za hospitali zisizo na poda. Negativu inashikwa pembeni tu, alama ya kidole juu ya jelatini baada ya miaka inakuwa kama muhuri, haitoki.

Gawa makundi: negativu peke yake, slaidi (vile vipande vya mkanda vyenye picha ya rangi halisi, vya kuonyeshea ukutani kwa mashine) peke yake, picha za karatasi peke yake, na kundi la wagonjwa, yaani zilizogandana, zenye fangasi au zenye harufu. Wagonjwa usiwaweke chumba kimoja na wazima.

Hapa niseme kwa nguvu. NEGATIVU NDO PICHA. Ile karatasi ni kopi tu iliyotolewa humo. Negativu inaweza kuwa na undani wote wa picha hata kama karatasi imeisha, na hiyo rangi yake ya chungwa ni ya kawaida, haijaharibika, ilitengenezwa hivyo kiwandani ili rangi zitoke sawa wakati wa kuprinti. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote pekua bahasha za studio, madaftari ya zamani, Biblia, mikoba ya akina mama iliyowekwa juu ya kabati. Familia nyingi walizitupa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Ukitaka kujua mwaka, geuza karatasi nyuma, nyingi zina maandishi ya mtengenezaji kama Kodak au Fuji, na maandishi hayo yalibadilikabadilika kwa miaka kwa hiyo ukipata picha mbili zenye maandishi yanayofanana na moja unaijua tarehe, unaweza kukisia ya pili. Pembeni ya negativu pia kuna jina la mkanda na namba, 12, 12A, 13, 13A, hizo zinakupa mpangilio halisi wa tukio, nani alifika kabla ya nani. Kwa hiyo vipande vya mkanda mmoja usivichanganye na vya mkanda mwingine.

HATUA YA TATU: MAJINA

Hii watu wanaiacha mwisho, mimi naiweka hapa mapema kwa sababu picha inaweza kusubiri mwaka mmoja lakini bibi wa miaka 88 hatusemei kesho yake. Mimi nilikaa na shangazi jioni tatu, simu ikirekodi sauti pembeni, naonyesha picha moja namuuliza "shangazi, huyu aliyeshika ndizi ni nani?" na yeye haishii kwenye jina, anaeleza alikuwa mtoto wa nani, alioa wapi, kihamba chao (shamba la ukoo) kiko upande gani, na mara nyingine ananyamaza kidogo maana kumi kati ya wale wa kwenye picha hawapo tena. Usimkimbize. Desemba watu wote wakirudi nyumbani ndo wakati wake, weka picha mezani waachie wabishane wenyewe, utapata majina ambayo mtu mmoja asingekumbuka.

Majina usiyaandike nyuma ya picha kwa biro. Biro inakandamiza mpaka mbele kunatokea mstari, na wino unahamia kwenye picha inayofuata. Karatasi za rangi za zamani nyingi zina plastiki nyuma, penseli ya kawaida inateleza, ukilazimika tumia penseli laini ya 4B au 6B pembezoni kabisa bila kukandamiza. Kilicho bora ni kuipa kila picha namba, jina unaliandika kwenye bahasha KABLA ya kuingiza picha, na kwenye daftari.

HATUA YA NNE: KUTOA VUMBI (sio "kusafisha")

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwetu kusafisha picha ilikuwa ni kupeleka mkanda studio, sasa mtu akisikia "safisha picha za zamani" anachukua kitambaa chenye maji na sabuni, nimeona kwa macho yangu, uso wa marehemu ukafutika ukabaki weupe. Usitie maji, usitie spiriti ya dukani, usiteme mate, usifute na shati. Tumia brashi laini mpya ambayo haijawahi kugusa rangi wala poda, au kile kipira cha kupuliza hewa wanachotumia mafundi kamera, anzia katikati kwenda nje, polepole. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Vumbi lisilotoka liache hapo hapo, litatolewa kwenye kompyuta. Kwenye picha zenye fangasi vaa barakoa, peleka nje kivulini siku kavu, wakishakauka wakawa kama unga ndo uwapanguse kwa brashi taratibu, na hiyo brashi usiitumie tena kwa wazima.

HATUA YA TANO: ALBAMU ZA GUNDI NA PICHA ZILIZOGANDA

Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni ya juu ya kufunua, zilikuwa fahari ya kila sebule miaka ya 80 na 90, ndo adui mkubwa kuliko wote. Gundi ina kemikali zinazopanda kwenye picha, ukurasa una asidi, na mara nyingine hata ile nailoni ya juu ni ya PVC, plastiki inayotoa asidi. Picha zitoe.

Kwanza piga picha kila ukurasa kwa simu kama ulivyo, kwa sababu mpangilio na maandishi ya pembeni ni sehemu ya historia. Halafu jaribu picha moja isiyo na thamani kubwa. Ikitoka kirahisi vizuri. Ikigoma chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, pitisha nyuma ya kona, uende kama unakata sabuni kwa uzi, kushoto kulia, picha ibaki imelala bapa, wewe unashusha uzi tu. Usiikunje picha kuelekea kwako, jelatini inapasuka na ule mpasuko ni wa milele. Kama bado inagoma, acha. Kata ukurasa wenyewe kuzunguka picha uihifadhi na kipande chake, hiyo ni bora kuliko picha nusu.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute kabisa kabisa. Jelatini ilipata unyevu ikawa gundi, ukivuta sura inabaki kwenye kioo. Skani ikiwa humo humo kwenye kioo, halafu itunze na kioo chake.

Picha zilizogandana zenyewe kwa zenyewe na ni za studio za zamani, sio za printa ya kompyuta, wakati mwingine zinaachana zikilowekwa kwenye maji safi ya baridi, bora yaliyochujwa yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, dakika 20 mpaka saa moja, unasubiri ziachane zenyewe, halafu unazikausha uso juu kwenye kitambaa safi kivulini. Ila kama zina fangasi usijaribu, jelatini imeshalegea itayeyuka yote. Na zilizolowa kwa mafuriko au bati kuvuja usisubiri zikauke zikiwa zimebebana, zisuuze kwa maji safi uzitandaze moja moja siku ile ile, na kama ni nyingi zimekuzidi, ziweke friza kabla hazijafika saa 48 uje uzishughulikie taratibu.

HATUA YA SITA: NUSA NEGATIVU

Ndio, nusa. Mikanda mingi imetengenezwa kwa plastiki ya asetati, na ikianza kuoza inatoa asidi ile ile ya siki. Ukifungua bahasha ukapata harufu ya siki ya kachumbari, au vipande vimejikunja na kukakamaa, huo ugonjwa umeshaanza na hautibiki, na mvuke wake unaambukiza mikanda ya jirani. Zitenge kwenye bahasha za karatasi, sio plastiki, ili mvuke utoke, na hizo ndo ziwe za kwanza kuskaniwa, wiki hii, halafu ziende kwenye baridi. Kama zimeshakunjamana usizinyooshe kwa pasi wala kitabu kizito, zinavunjika.

HATUA YA SABA: ZIKAE KWENYE NINI

Hapa ndo watu wananiuliza vifaa vya kitaalamu vya kuagiza Ulaya, na mimi nasema ukiweza agiza, vyenye kuandikwa vimepita kipimo cha PAT, ndo kipimo cha kimataifa cha kuangalia kama kifungashio kinadhuru picha. Usipoweza angalia vilivyopo steshenari.

Plastiki: geuza angalia ile namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, nzuri. Namba 2 na 4 ni polietilini, nzuri. Namba 1 ni poliesta, nzuri. NAMBA 3 NI PVC, usiitumie kwa picha yoyote, inatoa asidi na mafuta yanayonata. Kama haina namba inuse, ikinuka kama pazia jipya la bafuni au kitambaa cha plastiki cha mezani iache dukani. Mifuko mingi ya kuwekea vyeti kwenye faili ni ya polipropilini ila sio yote, kwa hiyo usiamini muuzaji, soma.

Karatasi: bahasha za kaki hapana, magazeti hapana, boksi la kawaida la maduka hapana, vyote vina asidi. Kuna rimu za A4 zimeandikwa hazina asidi, nunua hizo, kunja bahasha mwenyewe kwa mkunjo wa pande nne bila gundi, picha moja bahasha moja. Mimi na binamu yangu tulikunja mia mbili kwa jioni mbili tukipiga stori. Huko juu kwenye unyevu napendelea karatasi kuliko plastiki kwa sababu plastiki ikifungia unyevu picha inanata, mjini kwenye vumbi plastiki ya namba 5 iko sawa.

Usitumie raba bendi, klipu za chuma wala selotepu. Na lamineshen, jamani, naomba. Kila mtaa wa mjini kuna mashine na watu wanapeleka picha za wazazi wao wakidhani wanazilinda, kumbe zinapikwa kwa joto na kumwagiwa gundi pande zote mbili na hakuna namna ya kuzitoa tena. Mjomba wangu alifanya hivyo kwa picha pekee ya baba yake ya rangi, kwa upendo kabisa, na sasa ndani ya plastiki imeanza kupata mabaka ya njano na sisi tunaiangalia tu.

Bahasha zikishajaa ziweke kwenye boksi la plastiki namba 5 lenye mfuniko, zisimame kama kadi za maktaba, zisibanane wala zisilegee zikajikunja. Weka ndani punje za silika jeli, zile za vipakiti vya kwenye viatu na mikoba zinafaa kama bado kavu, na kipima unyevu kidogo cha dijitali kama unaweza kukipata, lenga kati ya asilimia 30 na 50.

HATUA YA NANE: SKANI

Skani haichukui nafasi ya picha, lakini rangi ya leo ndo nyingi kuliko utakayokuwa nayo mwakani, kwa hiyo usichelewe.

Negativu na slaidi zinahitaji skana yenye taa kwenye mfuniko. Za karatasi hata skana ya steshenari inatosha, ila simama hapo hapo, mwambie kijana akuskanie kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) kwa rangi, juu ya kioo, USIKUBALI zipitishwe ile sehemu ya juu inayomeza karatasi, ikinasa imekwisha. Fremu ya milimita 36 kwa 24 ukiiskani kwa dpi 4000 unapata kama megapikseli 21, inatosha kuprinti kubwa ya ukutani. Hifadhi kama TIFF, ni faili zito lakini halipotezi kitu, JPEG toa baadaye kwa ajili ya kutumiana. Skana nyingine zina kitufe cha kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi, kiwashe kwenye negativu za rangi, lakini kwenye nyeusi na nyeupe kizime, maana ile fedha inaziba miale na mashine inaona picha yote ni uchafu. Kodachrome, aina ya slaidi za Kodak, nayo inaisumbua hiyo teknolojia.

Huna skana? Tumia simu. Picha ya karatasi ilaze mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, bila fleshi, simu sambamba kabisa na meza. Negativu iweke juu ya kipande cha plastiki nyeupe, sentimita mbili tatu juu ya skrini nyeupe ya tableti ili vile vidoti vya skrini visionekane, zima taa za chumba, piga, halafu geuza rangi kwenye programu. Sio ya hali ya juu lakini kuwa nayo ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Kurekebisha wekundu, faili la kwanza usiliguse, fanya kwenye kopi. GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, ni ya bure, ukirekebisha kila rangi peke yake utashangaa gauni jeupe linavyorudi, kwa sababu samawati mara nyingi imepungua tu haijaisha. Ila zile programu za kisasa zinazonoa sura zenyewe mimi sizitaki kwenye kumbukumbu. Zinabuni macho na meno ya mtu ambaye hazijawahi kumwona, na mjukuu atakuja kuamini ndo sura ya babu yake.

Majina ya mafaili yawe ya kueleweka, mfano 1984-harusi-kibosho-012. Nakala tatu, moja ikae mbali: mimi nina diski ya kompyuta (hard disk) moja hapa Moshi, ya pili kwa kaka yangu Arusha, na ya tatu Google Drive. Flashi na sidii sio mahali pa kuhifadhi kwa miaka, ni vya kubebea tu. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa, na usije ukafuta ya kwako ukidhani ndugu wanayo nzima.

HATUA YA TISA: BARIDI

Watu wananicheka nikisema nahifadhi picha kwenye friji, lakini hiki ndo kitu kimoja kinachochelewesha kweli rangi kuisha. Viwango vya kimataifa vya filamu za rangi vinataka baridi ya digrii 2 au chini yake na hewa kavu, na hazina kubwa za picha duniani zina vyumba vya baridi chini ya sifuri. Friji ya nyumbani ipo kama digrii 4, ukilinganisha na chumba cha digrii 24 umeshaongeza umri mara kumi na zaidi.

Tatizo la friji ni unyevu, kwa hiyo kufunga ndo kila kitu. Chagua siku kavu, mwezi wa kwanza au wa nane hivi, sio masika. Acha bahasha zikae siku mbili kwenye boksi na silika jeli mpaka kipimo kishuke chini ya 50. Ziingize kwenye boksi dogo, boksi kwenye mfuko mzito wa zipu, kamua hewa, funga, halafu mfuko wa pili juu yake, na kati ya mifuko weka kile kikadi kinachobadilika rangi kikipata unyevu. Andika nje kilichomo, tarehe, na NISIFUNGULIWE. Weka rafu ya juu, isiguse ukuta wa nyuma. Waeleze wa nyumbani, dada wa kazi, watoto, kila mtu, isije ikatolewa kupisha samaki.

Siku ya kutoa usifungue mfuko. Ule jasho unaotokea kwenye chupa ya soda ikitoka kwenye friji ndo utakaotokea juu ya negativu. Toa jioni, iache mezani imefungwa mpaka asubuhi, ikishapata joto la chumba ndo ufungue. Umeme ukikatika saa chache usihangaike, acha friji imefungwa, mifuko miwili na boksi inatosha. Ukikatika siku nzima pia acha mifuko imefungwa, itapata joto polepole na itapoa tena polepole bila kudhurika. Kinachoharibu ni kufungua kwa wasiwasi.

Nafasi ikiwa ndogo anza na negativu na slaidi, zile za karatasi zibaki kabatini. Na ukutani weka kopi siku zote, halisi hairudi ukutani hata kama sebule inaonekana tupu.

Ukaguzi mimi nafanya mara moja kwa mwaka, tarehe 27 Desemba, siku ambayo wageni wa Krismasi wamepungua. Naangalia vikadi, nanusa boksi la kabatini, nakausha punje za silika kwenye oveni ya joto la digrii 120 kwa saa mbili, nafungua diski zote mbili kuona kama mafaili yanasoma. Ile ya harusi nimeiprinti upya kutoka kwenye negativu, ipo sebuleni kwa shangazi upande usiopigwa na jua, gauni jeupe na migomba ya kijani. Ile nyekundu nayo sijaitupa, ipo kwenye bahasha namba 12, nyuma ina mwandiko wa baba.